Pongezi kwa Kuokoa Mikia ya Herufi

Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo la California, Sacramento.

Waheshimiwa, pokeeni pongezi zangu, ingawa zimechelewa. Jimbo lililoipa dunia iPhone na Google liligundua, Oktoba 2023, kwamba kinachowapungukia watoto wake ni mikia ya kuunganishia herufi. Gavana akatia sahihi sheria yenu ya AB 446, na tangu Januari 2024 mwandiko wa kuunganisha una nafasi yake kisheria kati ya darasa la kwanza na la sita. Zamani mkia ulikuwa na kazi: kalamu ya unyoya kila ikiinuliwa ilitishia kudondosha wino. Kalamu za leo hazidondoshi, lakini sheria ni sheria.

Watetezi wenu husema mtoto asiyeujua mwandiko huu hatasoma Azimio la Uhuru la 1776 wala barua za bibi yake. Azimio lenyewe linawaumbua. John Dunlap alilipiga chapa usiku wa tarehe 4 Julai, herufi zimesimama moja moja, na hivyo ndivyo Wamarekani walivyolisoma kwanza. Ile nakala ya ngozi yenye mwandiko wa madaha ilifuata wiki kadhaa baadaye. Kuhusu barua za bibi, kusoma mwandiko na kuuandika ni kazi mbili. Mla chapati halazimiki kujua kuisukuma. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunalijua hili, maana kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo herufi zake nyingi hushikana, na leo wanaoisoma ni wachache. Hata hivyo mshairi Muyaka wa Mombasa hakupotea. Mwalimu Sikujua alimkusanyia mtafiti William Taylor mashairi ya Muyaka, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha kwa herufi za Kirumi. Waliomwokoa ni watu wachache wenye macho ya kusoma na subira ya kunakili. Mtanijibu kwamba hati nyingi za kale bado zimelala makabatini. Kweli, ila zinasubiri msomaji, hazisubiri mwandishi.

Hoja iliyobaki ni ya sayansi. Watafiti wa chuo kikuu kimoja mjini Trondheim, Norwe, walionyesha mwaka 2024 kwamba kuandika kwa mkono huamsha mawasiliano ya ubongo zaidi kuliko kubonyeza kibodi. Utafiti mzuri, nami nauunga mkono: mtoto ashike kalamu. Lakini walilinganisha kalamu na kibodi, si herufi zilizoshikana na zilizoachana. Kuutumia kutetea mikia ni sawa na kusifu mwendo wa miguu kisha kuamuru watu wote wavae viatu vya ngozi.

Basi, Waheshimiwa, wafundisheni watoto kuusoma mwandiko huo kwa wiki chache, na muda utakaobaki waandike insha kwa mwandiko wowote unaosomeka. Barua hii nimeichapa, ili hata watoto wasioijua mikia waweze kuwasomea.

Wenu mtiifu.