Diski Inayobana Chaji ya Marehemu

Tatizo liligunduliwa na mama mkwe. Alikuja kututembelea kutoka Muheza, akalala sebuleni, asubuhi akatangaza kwamba nyumba yetu ina panya.

"Baba Asha, usiku kucha anatafuna. Tik. Ananyamaza. Halafu vuuu, anakimbia. Nunua sumu."

Panya mwenyewe alikuwa ndani ya laptopu yangu. Diski yake ni ya kizamani, ya sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu ya sahani hizo bila kuzigusa. Ukituliza mikono kidogo, inaegesha vichwa pembeni: tik. Ukizidi kutulia, inasimamisha na sahani. Ukigusa tena, vuuu, inaanza upya, nawe unakodolea macho skrini iliyoganda mpaka maneno yote uliyokwisha kuchapa yamwagike kwa mkupuo.

Niliipeleka Kariakoo. Fundi akatega sikio, akaguna.

"Bosi, hii Windows imechoka. Tuipige upya, elfu ishirini tu."

Nikamwambia haina Windows, ina Linux.

"Ndiyo maana," akasema, na bei haikushuka.

Nikarudi nayo nyumbani nikaihoji mwenyewe. Kuna programu iitwayo smartctl ambayo huisomea diski faili lake la hospitali. Joto: sawa. Sekta mbovu: hakuna. Mstari wa Load_Cycle_Count, yaani idadi ya mara vichwa vilivyoegeshwa: zaidi ya 300,000! Diski nyingi za laptopu hukadiriwa kuhimili 300,000 au 600,000. Hii ilikuwa haiumwi hata kidogo. Ilikuwa bahili, na ubahili ndio uliokuwa ukiimaliza.

Diski za namna hii hupewa namba ya kubana umeme, kuanzia 1 hadi 254. Ikiwa 127 kushuka chini, diski ina ruhusa ya kusimama. Kuanzia 128 kwenda juu, hairuhusiwi. Yangu ilikuwa huko chini kabisa, ikibana kwa bidii zote ili betri isiishe. Sasa, betri ya laptopu hii ilikufa zamani. Mashine inaishi ukutani, kwenye soketi. Diski ilikuwa inabana chaji ya marehemu.

Na Linux haikuisaidia. Kila baada ya sekunde 5 hivi, ikiwa ina kitu cha kuhifadhi, hukiteremsha kwenye diski. Kwa hiyo maskini ilikuwa ikijilaza tu, inaamshwa. Ilikuwa kama baba mwenye nyumba anayezima taa ya korido kila mpangaji akipita: umeme haupungui, swichi ndiyo inayokufa.

Dawa ni mstari mmoja: hdparm -B 254, kisha jina la diski. Nikaubonyeza, kukawa kimya. Jioni umeme ukakatika, na kwa kuwa betri ni marehemu, mashine ikazimika palepale. Uliporudi, diski ilikuwa imesahau yote tuliyokubaliana. Tik. Ikabidi niiandikie mkataba kwenye faili la /etc/hdparm.conf, linalosomwa mashine ikiwaka.

Sasa haisimami tena. Imepata joto kidogo, na feni haizimi. Mama mkwe anasema feni inampa mafua.