Heshima ya Ngano

Ajabu ya Kasongo, mji wa Maniema huku Kongo, ni kwamba mpunga, ulioletwa huku na watu wa mfanyabiashara Tippu Tip katika karne ya 19 ukaupenda udongo wake hata leo, huhesabiwa chakula cha kila siku, na muhogo riziki ya fukara, ilhali mkate wa ngano, ambayo twaingojea ifike kwa malori, ndio uwekwao mbele ya mgeni azizi.

Basi msomaji na amtazame yule aliyesibiwa na maradhi ya siliaki, ambaye mwili wake huyajeruhi matumbo yake wenyewe kila yapatapo gluteni, iliyomo katika ngano na shayiri. Wali kwake halali, ugali wa muhogo halali, sombe ya majani ya muhogo kwa mawese halali. Kilichomharamikia, kwa hakika, ni adabu tu. Akikataa andazi matangani Kabambare, jirani na Kasongo, shangazi humkazia macho: “Mwanangu, umelogwa, ao ni kiburi?” Daktari Willem Dicke wa Uholanzi alibainisha katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba mgonjwa wa namna hii hupata afueni kwa kuachishwa ngano, lakini shangazi, kwa bahati mbaya, tasnifu hiyo haijamfikia.

Huko Ulaya wagonjwa hawa huuziwa unga wa mchele na wa muhogo kwa bei ya juu kuliko wa ngano, ndani ya pakiti nadhifu. Kabambare, muhogo huohuo huanikwa kando ya njia, na kuku huudonoa bure.