Kashata Zilizokataa Kuganda

Siku hizi sukari imekuwa adui wa kila mtu, na watu huiondoa chunguni bila kuuliza ilikuwa na kazi gani humo. Wanadhani ilikuja kuleta utamu tu. Kumbe kwenye kashata ya nazi, sukari ndiye fundi mwashi. Unaichemsha na maji kidogo mpaka shira ivute uzi, unatia nazi iliyokunwa na hiliki, unakoroga mpaka mchanganyiko uanze kuachia sufuria, unamwaga kwenye trei iliyopakwa mafuta na kukata vipande kabla haujapoa. Shira ikipoa inakuwa ngumu, na kila punje ya nazi inakaa pale ilipowekwa. Mfukuze fundi huyo, unabaki na nazi iliyolowa inayonukia hiliki, ambayo ingefaa zaidi kwenye mchicha.

Elimu hiyo niliipata jikoni kwangu, Tabata, Februari 2024. Daktari alikuwa amemwambia Baba Watoto kwamba hana kisukari, ila kinabisha hodi, hivyo apunguze wanga: ugali, wali, chapati, viazi, mihogo. Alirudi nyumbani uso umemshuka, maana alikuwa ametajiwa marafiki zake wote, mmoja baada ya mwingine. Mimi, kwa mapenzi, nikasema tutapunguza wote. Mapenzi huropoka.

Halafu ikaja Siku ya Wapendanao. Mwaka ule tarehe 14 Februari iliangukia Jumatano ya Majivu, na sisi ni Wakatoliki. Kanisa limekataza nyama, daktari amekataza ugali, mimi nimekataza sukari, na jioni hiyohiyo ndiyo ya kuoneshana mahaba. Tulichobakiwa nacho ni samaki, majani na nia njema. Samaki hakuwa na shida. Nilimpaka ndimu na pilipili nikamchoma. Shida ilikuwa vitamu. Wapendanao bila kitu kitamu ni Jumatano ya kawaida, tena yenye majivu.

Nikaenda supamaketi, kule kwenye rafu ambayo watu husimama wakisoma pakiti kimya kimya kisha huzirudisha wakishaona bei. Nikachukua erithritoli, unga mweupe unaofanana na sukari kabisa na kukaribia asilimia 70 ya utamu wake. Nikachukua kichupa cha stevia, ambayo ni tamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, yaani ukipiga chafya wakati unapima, chakula kimeharibika. Nikachukua chokoleti zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hazina sukari. Huwa nawaza kuhusu kakao ya Kyela, inayosafiri mpaka Ulaya na pengine kurudi huku imevaa karatasi ya dhahabu na bei ya kututia adabu. Korosho niliziacha. Watu wa kupunguza wanga huzitafuna kwa amani ya moyo, ilhali gramu 100 za korosho zina karibu gramu 30 za wanga, takriban mara mbili ya karanga. Nikabeba karanga.

Kashata nilizianza asubuhi baada ya misa, majivu bado yapo kwenye paji la uso. Nilikuna nazi, nikachemsha erithritoli na maji, nikangoja uzi. Erithritoli haina uzi. Haiwi kahawia wala hainati. Inachemka tu kwa utulivu, ukishaitia nazi inakudanganya kidogo, na ikipoa inarudi kuwa chenga. Nilichokata kwenye trei hakikukatika, kilibomoka. Nikaonja. Utamu ulikuwepo, lakini ulikuja na ubaridi wa ajabu mdomoni, mithili ya mtu aliyekula kashata huku akipiga mswaki. Ubaridi huo ni tabia yake: ikiyeyuka kwenye ulimi inavuta joto. Nikaongeza tone la stevia ili kuficha ubaridi, nikapata ubaridi wenye uchungu.

Basi, matumaini yote yakahamia kwenye chokoleti. Maelekezo niliyokuwa nayo yalikuwa ya watu wa Ulaya: yeyusha chokoleti pamoja na mafuta ya nazi, tia karanga zilizokaangwa, mwaga kwenye vikopo vidogo vyenye umbo la moyo, kisha acha juu ya meza mpaka zigande. Juu ya meza! Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25, na Dar es Salaam mwezi wa pili hata usiku wa manane ni nadra kuziona. Meza yangu yenyewe ilikuwa inatoka jasho. Nikavitia vile vikopo kwenye friji, nikafunga mlango kwa upole, nikaenda kusuka nywele.

Umeme ulikatika saa nane mchana.

Wenyeji wanajua sheria ya friji umeme ukikatika: mtu asifungue. Nyumbani kwangu sheria hiyo haijawahi kudumu nusu saa, maana kila mtoto hukumbuka kiu papo hapo. Kufika saa moja jioni mioyo yangu ilikuwa uji mzito mweusi, karanga zinaelea. Nikaumimina wote kwenye bakuli la kioo, nikawasha mishumaa ambayo hata hivyo ilikuwa ya lazima, nikavaa gauni jekundu. Baba Watoto alikuja na ua moja la waridi na kikopo cha maziwa mgando, akasema kimojawapo hakika hakina wanga. (Si kweli, maziwa nayo yana wanga wake, lakini mtu akija na waridi humsahihishi.)

Tulipomaliza samaki, alilitazama lile bakuli na chenga za kashata kwa muda mrefu.

"Mama Watoto, leo si tumefunga? Vitamu vinaruhusiwa?"

"Havina sukari."

Akaonja kashata iliyobomoka. Akatafuna polepole, akameza, akanywa maji. Kisha akatoa hukumu kwamba dhamiri yake i safi, kwa kuwa kula kitu kile ni malipizi tosha ya dhambi za Kwaresima nzima.

Hapo ndipo shemeji alipobisha hodi. Mdogo wake mume wangu ana kipaji cha kufika nyumba za watu chakula kikiwa mezani, na hajawahi kusikia kwamba kuna usiku wa watu wawili. "Shemeji, hicho ni nini?" Nikamwambia ni chokoleti iliyoshindwa. Akachukua kijiko cha supu. Alikunywa ule uji zaidi ya nusu bakuli, akisifia, huku mimi nikijaribu kumsomea pakiti kwa mwanga wa mshumaa. Chini, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, palikuwa pameandikwa kwamba ukila kwa wingi bidhaa hiyo inaweza kuendesha tumbo. Kilichotumika kutia utamu ni maltitoli. Erithritoli, pamoja na vituko vyake, sehemu kubwa hunyonywa na kutoka kwa mkojo. Maltitoli kwa kiasi kikubwa hushuka mpaka utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria wa huko huifanyia sherehe. Tena sukari ya damu huipandisha, ingawa kidogo kuliko sukari yenyewe.

Nilikuwa bado naeleza habari za utumbo mpana shemeji alipoinuka ghafla. Choo chetu kimepakana na sebule. Jioni iliyobaki, kila tulipotaka kuambiana neno la mapenzi, tulilisema kwa sauti ya juu ili kufunika sauti nyingine. Baba Watoto alicheka hadi machozi yakamtoka, akanishika mkono, akasema hajawahi kupata Wapendanao kama hii, na sikumwomba afafanue.

Umeme ulirudi usiku wa manane. Asubuhi nikakuta masalia ya chokoleti kwenye friji yameganda vizuri, magumu, yanang'aa, ya kupigia picha. Kabla sijaamua nimpe nani, simu ikaingia ujumbe wa shemeji: "Shem, ile kitu imebaki? Mama analalamika choo kigumu tangu Jumapili."

Nikamwita bodaboda, nikampa bakuli limefunikwa, nikampigia mama mkwe kumwambia kijiko kimoja tu, tena asitoke nyumbani. Hakuhitaji kukata wala kutafuna. Na jua lile, hadi kufika kwake Mbagala ilikuwa imeshakuwa dawa ya maji.