Mbuzi Hasi Arobaini

Mnadani Katesh hakuna anayeuza ng'ombe mmoja na robo. Ndiyo maana mjomba wangu, mfugaji wa Mbulu asiyewahi kugusa kompyuta, anazijua namba kamili kuliko sisi tuliozisomea.

Alikuwa na shilingi 2,000,000. Ng'ombe 600,000, mbuzi 85,000, na alitaka hela yote iishe hukohuko, maana chenji ikifika nyumbani huota miguu.

"Mpwa wangu, hebu iulize hiyo mashine yako."

Nikafungua SymPy, programu ya bure ya aljebra, nikaandika mlinganyo. Jibu likaja papo hapo, limejaa herufi t.

"Huyu t ndiye nani? Dalali?"

"Hapana, mjomba. Ni namba kamili yoyote. Ukiibadilisha, na jibu linabadilika."

"Basi ni dalali."

Nikaibadilisha mpaka nikapata majibu madogo kuliko yote: ng'ombe 9 na mbuzi hasi 40, au ng'ombe hasi 8 na mbuzi 80. Kati ya hayo mawili hamna kitu. Nikamweleza kuwa hasi maana yake awatoe yeye. Akatazama zizi lake, kisha la jirani.

"Mbuzi arobaini niwatoe wapi? Unanifundisha wizi?"

Kuiokoa heshima ya mashine, nikamsimulia fumbo la ng'ombe la Archimedes, ambamo mafahali weupe na weusi wakichanganywa sharti wapangike mraba kamili. Mwaka 1965, kompyuta za Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, zilihangaika karibu saa 8 kuipata idadi ndogo kabisa ya kundi hilo: namba yenye tarakimu 206,545.

"Wanachungiwa wapi?"

Nikakimbilia kwa Yuri Matiyasevich, Mrusi aliyekamilisha mwaka 1970 uthibitisho kwamba hakuna kanuni moja ya kuamua kama mlinganyo wowote wa polinomia una majibu ya namba kamili. Mjomba akamsikitikia, akajitanda shuka lake, akaenda mnadani.

Jioni aliingia na ng'ombe 2 na mbuzi 10, mfukoni hamna hata senti. Nikamwambia haiwezekani, mashine imekataa.

"Mashine yako ilikubali mbuzi 85,000 bila hata kuguna," akasema. "Mimi nimewachukua kwa 80,000."