Bosi Ameenda Kikaoni

(Ofisi moja ya kata ya Susuni, Tarime. Mchana. Wamebaki Kiti cha Bosi, Meza, Kiti cha Plastiki, na Kigoda ambacho wazee wa baraza walikisahau.)

KITI CHA BOSI: Plastiki, sogea huko. Utanichania nailoni.

PLASTIKI: Nailoni hiyo mpaka lini, mkubwa? Ivue, bosi apumzike jasho.

KITI CHA BOSI: Nikiivua nitafanana na kiti cha mtu yeyote. Mimi napanda, nashuka, nalala!

MEZA: Unapanda lini? Kishikio chako hakijaguswa tangu ushushwe kwenye Fuso pale Sirari. Bosi miguu inaning'inia, mapaja yanabanwa, na kompyuta iko chini mpaka anaikunjia shingo kama kuku anayedonoa.

PLASTIKI: Yeye anasaini tu, anaondoka. Karani ndiye anachapa kutwa, juu yangu mimi niliyeshonwa waya mgongoni.

KIGODA: Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003.

MEZA: Ipo, kwenye droo yangu. Imefunikwa na karanga.

KIGODA: Hata kabla ya hapo. Mwaka 1713 Ramazzini, daktari Mtaliano, aliandika kwamba makarani wanaumizwa na kukaa kutwa, mkono kurudia kitu kilekile, na hofu ya kukosea vitabu.

KITI CHA BOSI: Kigoda! Mtaliano umemjulia wapi?

KIGODA: Mura, mimi nimekaliwa na mwalimu mstaafu.

KITI CHA BOSI: Haya, mkao mzuri ni upi?

KIGODA: Nyayo zikanyage sakafu, magoti yalingane na nyonga, mgongo upate pa kuegemea, ukingo wa juu wa kioo cha kompyuta uwe usawa wa macho. Karani ameshajiongeza, zione rimu za karatasi alizoiwekea ya kwake. Ila hata mkao huo ukiganda nao saa tatu utakuumiza. Kila nusu saa mtu ainuke kidogo. Simaanishi asimame kutwa. Mlinzi wa getini atawaambia habari za miguu yake.

KITI CHA BOSI: Ainuke? Mgeni akiingia atamjuaje bosi?

PLASTIKI: Karani huinuka sana. Chai, maji, mhuri, vocha.

MEZA: Bosi naye ameandika barua Tarime. Anaomba kiti kipya, mgongo unamsumbua.

KITI CHA BOSI: Kipya? Barua hiyo kachapa nani?

PLASTIKI: Karani. Aliirudia mara nne, bosi alikuwa anabadilisha rangi ya kiti.