Namna ya Kumpeleka Mtoto Namugongo na Kurudi Mkiwa Bado Mnapendana

Tarehe imeshatangazwa baada ya misa, mwenyekiti wa jumuiya amepita na daftari, na jina lako limo. Unakwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, pamoja na basi zima la Wakatoliki wa Homa Bay. Tena umetamka mbele ya watu kwamba mwaka huu utakwenda na mtoto. Hongera. Kabla hujakimbilia kwa fundi kushonesha sare ya kitenge, kaa chini usome.

Anza na kiti. Kwenye mabasi ya hija mtoto huhesabiwa kuwa hana haja ya kiti, ana mapaja: ya mama yake mpaka Kendu Bay, ya mama mmoja wa CWA, chama cha kina mama Wakatoliki, mpaka Kisumu, na kutoka hapo ya yeyote aliye macho. Mlipie nauli nzima, chukua risiti, na namba ya kiti uikariri kama Salamu Maria, kwa sababu usiku wa manane mtu mzima mwenye mabegi matatu atasimama juu yako akuulize iwapo kweli katoto kadogo hivi kanahitaji kiti kizima. Kanahitaji. Mengine yote nitakayosema yamejengwa juu ya hilo: mtoto huyu si mzigo wa hujaji, ni hujaji mwenyewe, na Namugongo kuna sababu kubwa ya kulikumbuka hilo. Tutafika huko.

Sasa karatasi. Mtu mzima Mkenya huvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na urahisi huo umewasahaulisha wazazi wengi kwamba mtoto hana kitambulisho. Yeye anahitaji pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria, na vyote viwili huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Cheti chenyewe, si picha iliyo kwenye simu ya shangazi yake. Kama baba yake anabaki nyumbani kuangalia ng'ombe na mpira, abaki akiwa ameshaandika barua ya ridhaa, ametia sahihi mbele ya wakili na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Afisa wa mpakani anayeuliza mzazi wa pili yuko wapi anafanya kazi njema. Wapo watoto wanaovushwa mipaka na watu wasio wazazi wao, na mimi ningependa aulize kila mtu. Mjibu kwa heshima, na mtoto akiulizwa jina lake, mwache alitaje mwenyewe. Ukimjibia, afisa atavua miwani na kuanza upya.

Kadi ya homa ya manjano nayo ina hesabu yake. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Jambo la kufurahisha ni kwamba tangu 2016 chanjo moja hutambuliwa kwa maisha yote, kwa hiyo ukimchanja mwanao mwaka huu umemchanjia na hija za uzeeni mwake. Itunze kadi. Kila basi lina mtu mmoja ambaye kadi yake iko nyumbani kabatini, na basi zima humngoja juani. Asiwe mwanao.

Kumbuka pia kwamba Juni ni katikati ya muhula wa pili. Sikukuu ya Madaraka inakupa Juni 1, lakini siku zilizobaki mwombe mwalimu wa darasa ana kwa ana. Usimtume mtoto na kikaratasi. Ukimweleza vizuri, mwalimu atampa kazi ya kuandika safari, na utamshukuru mbele ya safari, maana mtoto aliyekaa dirishani na daftari haulizi kama mmefika.

Kuhusu chakula, lazima mtu aseme ukweli, na nitausema mimi. Omena ya kukaanga ni tamu, ni yetu, na haina nafasi ndani ya basi lililofunga madirisha kwa sababu ya mvua. Mayai ya kuchemsha yaliwe yote kabla ya Bumala. Baada ya hapo ni chapati, viazi vitamu, njugu na ndizi. Maji beba ya kutosha, lakini fahamu kwamba mahali pa kusimama huamuliwa na dereva, na kibofu cha mtoto wa miaka saba hakimtambui dereva. Mpeleke msalani kabla basi halijaondoka. Akisema hana haja, mpeleke vilevile. Upande wa pili vyoo vingi hulipiwa, kwa hiyo ukibadilisha pesa, omba na sarafu.

Busia, mwache mtoto ashuke atazame. Kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi 2018 kimeondoa foleni mbili. Ukiingia Uganda, unahudumiwa upande wa Uganda, maafisa wa nchi zote mbili wakiwa jengo moja. Mtoto ameuona mpaka kwenye ramani darasani ukiwa mstari mnene, na sasa atautafuta chini ya viatu vyake asiuone. Atakachoona ni malori, baiskeli, na kina mama wanaouza ndizi zilezile huku na huku. Mweleze kwamba Wasamia wako pande zote mbili, na walikuwapo kabla ya huo mstari. Kisha mpe pesa kidogo akabadilishe pamoja nawe. Elfu moja ya Kenya inageuka kuwa zaidi ya elfu ishirini ya Uganda, na kwa muda mfupi mwanao atakuwa mtu tajiri kuliko wote ukoo mzima, mpaka anunue soda.

Baada ya Bugiri, kwaya itafikiri ni wakati wa mazoezi. Acha waimbe mpaka wachoke, nao watachoka, wana sauti nzuri lakini wamekesha. Wakinyamaza, hapo ndipo umsimulie mtoto kwa nini mnakwenda. Nimeona watoto waliofikishwa Namugongo wakirudishwa bila mtu hata mmoja kuwaambia ni nani alikufa pale, na jambo hilo linaniumiza. Walilishwa, walivishwa sare, wakapigwa picha. Hadithi yenyewe walinyimwa.

Isimulie kwa majina na miaka. Miongoni mwa vijana waliohudumu katika nyumba ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walikuwamo waliomfuata Kristo, Wakatoliki na Waanglikana. Mei 1886 walitakiwa waikane imani yao. Kule Munyonyo, kiongozi wao Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado hawajabatizwa, akiwamo Kizito, mdogo kuliko wote, mwenye umri wa miaka kama 14. Wakatembezwa kwa miguu mpaka Namugongo, na Juni 3 wakachomwa moto. Husimuliwa kwamba Kizito aliingiwa na hofu, na Lwanga akamwahidi kwamba saa ikifika atamshika mkono. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, na 1969 alifika Uganda mwenyewe na kwenda kuhiji pale Namugongo.

Usimfiche habari ya moto. Usimharakishe akiuliza kama Kizito alilia. Sema hujui, lakini kwamba aliogopa, hilo husimuliwa, na kuogopa si dhambi. Na tafadhali, usimalizie hadithi kwa "umeona, na wewe uwe na adabu." Kizito hakufa ili mwanao aoshe vyombo bila kunung'unika. Alikuwa mtoto aliyejua anachokiamini, na Kanisa zima linapiga magoti mbele ya jina lake. Ndiyo maana nimeng'ang'ania habari ya kiti.

Jinja, badilishaneni nafasi ili yeye awe upande wa kushoto. Daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa 2018, hupitwa upesi, na watu wazima wote watainuka na simu zao. Mkinge apate kuona. Mwambie kwamba maji yale yanatoka kwenye ziwa lilelile analooga Homa Bay, na kwamba kutoka hapo yanakwenda mpaka Misri. Atanyamaza kwa muda. Mwache anyamaze.

Mkifika, basi litaegeshwa mbali na mtatembea. Wapo wanaotoka Kenya kwa miguu na kufika wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, kwa hiyo huo mwendo wenu mfupi usiulalamikie mbele ya mtoto. Andika namba ya simu kwenye mkono wake, kwa kalamu ya wino, juu ya kiwiko ambako jasho na kunawa havifiki haraka, na iwe namba itakayopatikana ukiwa Uganda. Kisha mchague mahali pa kukutania. Usimwambie "kwenye bendera ya parokia yetu", kwa sababu mwenye bendera naye huenda kununua maji. Usimwambie "kwenye basi", kwa sababu mabasi huhamishwa na polisi. Chagua mlango mmoja wa basilika. Ile basilika yenye umbo la nyumba ya jadi ya Waganda, iliyozungukwa na nguzo 22, moja kwa kila shahidi Mkatoliki, haijahama tangu 1975. Mtembeze mpaka mlangoni, aguse ukuta, akuonyeshe njia ya kurudi yeye mwenyewe. Fanyeni hivyo mara mbili kabla umati haujajaa.

Utaona wazee wa basi wakianza kumtuma. Mtoto aliye karibu ndiye hutumwa, hiyo ni desturi yetu, na nyumbani sina neno nayo. Pale ni marufuku. Mzee akimwambia mwanao amletee soda katikati ya umati ule, simama kwa unyenyekevu wote useme, "Jaduong', tulia nikuletee mimi," kisha uende huku umemshika mtoto mkono. Utachoka. Ndiyo safari uliyoandikiwa daftarini.

Lakini usimfungie kwako saa zote. Kundi la kanisa lina bibi ambaye ametembelea Namugongo mara nyingi na anajua mahali penye kivuli, na mwanao akikaa naye rozari moja atajifunza kuliko mahubiri yako yote ya barabarani. Mwache. Kaa mahali unapowaona. Huenda mama wa Kijopadhola kutoka Tororo akasikia mtoto akiongea Dholuo, akageuka na kumjibu kwa lugha yake, na wakaelewana sehemu kubwa. Mtoto atashangaa kwamba ana jamaa katika nchi ya kigeni. Usiingilie kati kueleza historia ya Waluo. Hawajakuita.

Usiku wa kuamkia sikukuu wengi hulala nje kwenye mikeka, na baridi ya alfajiri haijali sare. Mvalishe sweta mapema, kabla hajaanza kutetemeka, na umfunike shuka zito. Akisinzia wakati wa misa, mwache asinzie. Misa ni ndefu, jua ni kali, na naamini Mungu anamjua mtoto aliyekesha. Mwamshe wakati wa mageuzo, umnong'oneze, na akilala tena, hewala.

Limebaki suala la maji. Umeagizwa na nusu ya kijiji maji ya baraka ya Namugongo, na unatafakari kununua jerikeni ya lita ishirini. Jerikeni hiyo itakaa wapi? Itakaa mahali pa miguu ya mwanao, na atasafiri mpaka Homa Bay magoti yakiwa kidevuni. Chukua chupa ndogo ndogo, uandike majina kwenye plasta, na anayetaka lita tano aje mwenyewe mwakani. Nafasi tutakuwa nayo, watoto watakuwa na viti vyao.

Mkirudi, Namawojjolo, kabla ya msitu wa Mabira, wauzaji watalikimbilia basi na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na ndizi za gonja za moto, wakiingiza mikono kwenye madirisha yote kwa pamoja. Mwanao ana pesa zake alizobadilisha. Mwache achague, alipe na kupokea chenji yake, hata kama kuku ni mdogo kwa bei ile.

Na Jumapili inayofuata, mwenyekiti wa jumuiya akiomba mmoja wa mahujaji asimame kutoa taarifa, msukume mtoto kidogo mgongoni, asimame yeye. Ataanza na kuku. Atakaa kwenye kuku muda mrefu. Usimrekebishe, usimkumbushe, usikohoe. Kizito atafika kwenye simulizi baada ya kuku.