Mhadhara wa Mbobezi Kuhusu Kusaga Siri Bila Kiberiti

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mkurugenzi, wakuu wa idara, makarani, na ninyi wa nyuma mliofuata posho: itifaki imezingatiwa.

Jina langu halimo kwenye ratiba. Si kosa la mchapaji. Niliagiza lisiwemo, kwa sababu za kiusalama. Itoshe kujua kwamba aliyesimama mbele yenu ni Mbobezi Mkuu wa Usagaji Salama wa Nyaraka, Afrika Mashariki na Kati. Cheo hicho nilijitunuku mwenyewe, baada ya kutafuta kote mtu mwenye sifa za kunitunuku nikamkosa.

Tuanze na istilahi. Kwenye barua ya mwaliko mmeandika "kuteketeza nyaraka". Nimesikitika. Kuteketeza kuna moto ndani yake, na moto ni mshamba: haujui kutunza siri bila kupeleka moshi kwa majirani. Julai 2020, Wachina walipoamriwa kufunga ubalozi wao mdogo wa Houston, Marekani, karatasi zikachomwa uani. Moshi ukapanda, zimamoto wakaja mbio na televisheni nyuma yao. Siri gani hiyo inayopigiwa king'ora?

Waingereza walijiona wajanja zaidi. Walipokuwa wakifungasha virago kwenye makoloni yao, walielekezana kwamba majalada ya aibu yachomwe na jivu lenyewe lipondwe. Na yasiyochomeka yatiwe kwenye masanduku yenye uzito, yakazamishwe kwenye kina kirefu kisicho na mkondo, mbali na pwani. Kazi safi! Ila majalada mengine ya Kenya waliyabeba kwenda nayo kwao, wakayaficha. Mwaka 2011 yakaibuka kwenye hifadhi ya serikali yao ya Hanslope Park, wazee wa Mau Mau wakiwa tayari mahakamani London wakidai fidia. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa fidia Wakenya zaidi ya 5,000. Waliponda jivu, wakasahau kabati. Hapo ndipo alipohitajika mtu kama mimi, lakini sikuwa nimezaliwa.

Sasa historia ya mashine. Mwaka 1909 Mmarekani Abbot Augustus Low alipewa hataza ya mashine ya kuchana karatasi. Haikuwahi kufika sokoni. Mwaka 1935 Mjerumani Adolf Ehinger akaunda ya kwake, na inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwenye kijimashine cha jikoni cha kutengenezea tambi. Naona mnacheka. Msicheke. Shreda yenu pale masijala hutoa tambi hadi leo, na tambi ni hatari kwa taifa.

Kwa nini? Tarehe 4 Novemba 1979 wanafunzi walivamia ubalozi wa Marekani mjini Tehran. Wamarekani waliokuwa ndani wakawahi kulisha shreda, ikatoa tambi nzuri ndefu, wakadhani yamekwisha. Ndugu zangu, unaachaje nyuzi za karatasi kwenye nchi ya wafumaji wa mazulia? Wafumaji wakaitwa, wakakaa kitako, wakapanga uzi kwa uzi, na siri za Marekani zikachapishwa juzuu baada ya juzuu. Kule Ujerumani Mashariki, mwaka 1989, mashine za Stasi, polisi wa siri wa huko, zilielemewa zikafa, maofisa wakamalizia kwa mikono. Wakaacha magunia zaidi ya 15,000 ya vipande, na tangu 1995 Wajerumani wanaviunganisha kwa subira ya mtu anayechambua mchele wenye mawe.

Ndiyo maana kuna madaraja ya uchanaji, P-1 hadi P-7. Karatasi moja ya A4 ikichanwa tambi za milimita 6 hutoa vipande 35; hiyo ni kazi ya mfumaji kabla ya chai. Ukifika P-7, hakuna kipande kinachoruhusiwa kuzidi milimita 5 za mraba, kwa hiyo karatasi ileile hutoa vipande zaidi ya 12,000. Vyeti vyangu vya kitaaluma, kwa wale waliokuwa wakiviulizia pale mlangoni, viko daraja hilo.

Na juu ya shreda kuna mfalme: mashine ya kusaga. Kama umewahi kukalia mbuzi ukakuna nazi, kisha ukachukua chekeche ukapepeta unga, nusu ya mhadhara umeshauelewa. Ndani kuna visu vinavyozunguka, chini kuna chekeche la chuma. Kipande hakitoki mpaka kiwe kidogo kuliko tundu. Kisipopita hurudishwa kwenye visu, kikatwe tena na tena. Ipo pia ya maji, inayogeuza majalada kuwa uji. Diski za kompyuta zenye sahani hufutwa kwa sumaku kali, lakini flashi msiipeleke huko, haina habari na sumaku. Flashi dawa yake ni visu.

Sasa vitendo. Naomba karatasi yoyote hapo mezani. Ahsante. Kwanza natoa pini ya stepla, maana pini yaweza kuharibu kisu. Naiingiza hivi, taratibu, kichwa kwanza. Sikilizeni: krrrr! Imekwenda. Njooni muone kiganjani mwangu: pumba tupu, nyepesi, hata pumzi inazipeperusha. Nani hapa anaweza kusema karatasi hii ilikuwa nini?

Mhasibu anasema anaweza. Anasema ilikuwa karatasi ya mahudhurio, na bila saini zile posho hailipwi.

Tulieni! Kaeni! Huo ndio ushahidi wa ubora wa mashine! Mtasaini nyingine, na anayetaka ile ya kwanza gunia hili hapa, vipande 12,000, aanze.

Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mimi nasema kata nayo isagwe! Ofisi ikishakuwa na mashine hii, hakuna neno litakalotoka nje ya ukuta huu. Swali moja tu, muda umetutupa mkono. Wewe dada wa masijala, unayetafuna.

Unasema karanga umenunua pale getini. Vizuri, tuunge mkono wajasiriamali. Zimefungwa kwenye kikaratasi, ndiyo, wote hufunga hivyo. Unasema kikaratasi kina nembo ya kampuni yangu. Unasema kina bei mbili za mashine hii: ya dukani milioni 3, ya kwenu milioni 11, na pembeni kwa kalamu kuna herufi za mwanzo za jina la mtu na neno "shukrani".

Hilo, dada yangu, ni swali la karanga, na mada yangu ni mashine. Muuza karanga hakualikwa kwenye semina hii. Hata hivyo, kwa faida ya mafunzo, naomba kikaratasi hicho kipitishwe huku mbele, kiingie hapa sasa hivi. Karanga ubaki nazo.

Umeshakipiga picha?

Umeirusha kwenye grupu la ofisi?

Mheshimiwa mgeni rasmi, naona wapishi wanatuonyesha ishara. Chakula kisipoe.